Uhifadhi wa viwanja vidogo vya ndege

Uhifadhi wa viwanja vidogo vya ndege ni juhudi za serikali, mashirika na wananchi za kukilinda kiwanja cha ndege cha jamii kisifungwe, kisivamiwe wala kisigeuzwe matumizi. Viwanja vinavyohusika ni vile vyenye njia fupi ya kuruka na kutua, mara nyingi ya majani, udongo au changarawe, ambavyo havina safari za kila siku za mashirika ya ndege. Katika Afrika Mashariki viwanja vya aina hiyo viko karibu na hospitali za misheni, migodi, hifadhi za wanyamapori, mashamba makubwa ya zamani na makao makuu ya wilaya.

Kiwanja kidogo hakifungwi kwa amri peke yake. Vingi hufa polepole: ng'ombe huchungiwa humo, kisha hupita njia ya mkato, kisha hulimwa shamba, mwishowe hujengwa nyumba. Siku ndege inapohitajika, ardhi haipo tena, na kuirudisha hugharimu fedha nyingi na machozi ya watu waliojenga. Kwa sababu hiyo uhifadhi wa kiwanja ni kwanza uhifadhi wa ardhi yake, na baadaye ndipo huja masuala ya majengo na ndege.

Historia katika Afrika Mashariki

Usafiri wa ndege ulianza katika eneo hili kwa viwanja vidogo. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ya Uingereza ilianzisha safari za barua kutoka London hadi Mwanza, kwenye Ziwa Viktoria. Mwezi Januari 1932 njia hiyo iliendelezwa hadi Cape Town. Ndege za wakati huo hazikuweza kwenda mbali bila kujaza mafuta, hivyo zilihitaji vituo vingi njiani. Moshi, Dodoma na Mbeya vilikuwa miongoni mwa vituo hivyo katika Tanganyika.

Nchini Kenya, Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929. Kampuni hiyo ilisimama Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza mwaka 1939, lakini jina la mwanzilishi limebaki katika kiwanja cha Wilson jijini Nairobi. Baada ya vita, tarehe 1 Januari 1946, lilianza Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililohudumia miji mikubwa pamoja na vituo vidogo vya ndani hadi lilipovunjika mwaka 1977. Mwaka huohuo Tanzania iliunda shirika lake, Air Tanzania.

Migodi nayo ilijenga viwanja vyake. Mgodi wa almasi wa Mwadui, ulioanzishwa na John Williamson baada ya kugundua almasi mwaka 1940 katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Shinyanga, una kiwanja chake cha ndege. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza mwaka 1955 katika nyanda za Mbulu, nayo ina kiwanja kinachotumiwa na ndege za huduma za afya.

Matumizi

Idadi ya ndege zinazotua katika kiwanja kidogo kwa mwezi huwa ndogo, na mara nyingi hiyo ndiyo hoja ya wanaotaka kifungwe. Hata hivyo, umuhimu wake hauonekani vizuri kwa kuhesabu abiria peke yake. Matumizi makuu ni haya:

* *Afya.* Mwaka 1957 madaktari wapasuaji Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees walianzisha huduma ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, ambayo baadaye ilikuwa shirika la AMREF. Madaktari walifika katika hospitali za mbali, wakafanya upasuaji na kurudi. Wagonjwa waliozidiwa walisafirishwa kwenda hospitali kubwa. Huduma za namna hiyo hutegemea kuwepo kwa njia salama ya kutua karibu na mgonjwa.
* *Maafa.* Mvua za El Niño za 1997–1998 zilikata barabara na reli katika sehemu nyingi za Tanzania. Katika hali kama hiyo ndege ndogo huweza kupeleka dawa na wataalamu kabla madaraja hayajatengenezwa.
* *Kilimo.* Makundi ya ndege waharibifu aina ya kweleakwelea hushambulia mtama, uwele na mpunga. Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1962, hutumia ndege kunyunyizia dawa dhidi ya nzige na kweleakwelea. Ndege ya kunyunyizia haifai kuruka kutoka mbali sana, kwa kuwa mafuta na muda huisha njiani.
* *Wanyamapori na utalii.* Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walihesabu wanyama wa Serengeti kwa ndege ndogo mwishoni mwa miaka ya 1950. Michael alikufa katika ajali ya ndege hiyo Januari 1959. Hadi leo sensa za wanyama, doria na safari za watalii hutegemea viwanja vidogo kama Seronera.
* *Mafunzo.* Marubani wanafunzi hujifunza kwa ndege ndogo, ambazo si rahisi kuchanganywa na ndege kubwa katika kiwanja chenye msongamano.

Sababu za viwanja kufungwa au kutoweka

*Kukua kwa miji.* Kiwanja hujengwa nje ya mji mahali penye ardhi tambarare. Baada ya miaka mji hukifikia na kukizunguka. Kiwanja cha Eastleigh kilikuwa kiwanja kikuu cha Nairobi hadi kile cha Embakasi kilipofunguliwa mwaka 1958. Leo Eastleigh ni kituo cha jeshi la anga katikati ya mitaa yenye watu wengi. Jijini Kampala jina la "Airstrip" bado limeshika katika uwanja wa Kololo, mahali ambapo bendera ya Uganda huru ilipandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, ingawa sasa ni uwanja wa sherehe za taifa.

*Kujengwa kwa kiwanja kikubwa zaidi.* Kiwanja cha Songwe kilipofunguliwa Desemba 2012 nje ya jiji la Mbeya, mashirika ya ndege yalihama kutoka kiwanja cha zamani kilichokuwa ndani ya jiji. Uhamisho wa namna hii una faida za wazi, kwani ndege kubwa huweza kutua. Swali linalobaki ni matumizi ya ardhi ya kiwanja cha zamani.

*Barabara bora.* Lami ikifika, safari iliyochukua siku nzima huchukua saa chache, na wasafiri wa kawaida huacha ndege. Mahitaji ya dharura hupungua, lakini hayaishi.

*Gharama.* Kiwanja kidogo huingiza mapato madogo, huku kufyeka majani, kujaza mashimo, kulinda mipaka na kulipa walinzi kukiendelea mwaka mzima.

*Uvamizi.* Ardhi isiyo na alama, hati wala mwangalizi huonekana kama haina mwenyewe. Anayeanza kulima pembeni mara nyingi hana nia mbaya. Hajui mpaka ulipo.

Ardhi na vizuizi

Njia ya kuruka yenye urefu wa mita 1,000, ikitengewa eneo la upana wa mita 150 pamoja na kingo zake, huhitaji hekta 15. Hilo ni sawa na viwanja takribani 20 vya mpira wa miguu. Kwa kijiji cha wakulima na wafugaji, eneo hilo si dogo.

Zaidi ya eneo lenyewe, ndege huhitaji anga safi katika ncha zote mbili. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, lililotokana na Mkataba wa Chicago wa tarehe 7 Desemba 1944, limeweka viwango vya vizuizi katika Kiambatisho cha 14 cha mkataba huo. Kwa kanuni zilizozoeleka, njia ya urefu kati ya mita 800 na 1,200 inayotumiwa na marubani wanaotua kwa kuona kwa macho huwekewa mteremko wa asilimia 4 kwenye uelekeo wa kutua. Maana yake ni kwamba kila mita 100 kutoka mwanzo wa mteremko, kitu hakipaswi kuzidi urefu wa mita 4.

Mfano unaonyesha uzito wa jambo hilo. Mti au mnara wa mita 20 unatakiwa uwe mbali mita 500 kutoka mwanzo wa mteremko. Ukiwa mita 250 tu, marubani watalazimika kusogeza mahali pa kuanza kutua mita 250 mbele. Hivyo mti mmoja huweza kula robo ya njia ya mita 1,000 bila mtu yeyote kugusa ardhi ya kiwanja.

Joto na mwinuko navyo huathiri. Katika maeneo ya juu na wakati wa jua kali hewa huwa nyepesi, injini na mabawa hufanya kazi kwa nguvu pungufu, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kuruka. Kiwanja kilichomegwa kidogo tu huweza kutosha asubuhi na kutotosha saa 8 mchana.

Kanda ya Ziwa: mfano wa Lalago

Lalago ni kata ya wilaya ya Maswa katika mkoa wa Simiyu, mkoa ulioanzishwa mwaka 2012 makao makuu yake yakiwa Bariadi. Kabla ya hapo Maswa, Bariadi na Meatu zilikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga. Lalago iko kwenye njia inayotoka Kolandoto, karibu na mji wa Shinyanga, kuelekea Mwanhuzi katika wilaya ya Meatu. Wakazi wengi ni Wasukuma, wakulima wa pamba, mahindi, mtama na mpunga, na wafugaji wa ng'ombe.

Mazingira ya eneo hili yanaonyesha kwa nini suala la viwanja vidogo ni gumu. Sehemu za mabondeni zina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo hukauka na kupasuka nyufa. Mvua ikinyesha hunyonya maji, huvimba na kuwa tope linalonata, ambalo magurudumu ya gari hayapiti, sembuse ya ndege. Njia ya kutua inayofaa mwaka mzima hutakiwa iwe kwenye ardhi ya juu yenye kichanga, ambayo Wasukuma huiita *luseni*, au ijengwe kwa changarawe iliyoshindiliwa, yenye mitaro pande zote mbili. Ardhi hiyo ya juu ndiyo pia inayopendwa kwa makazi. Hapo ndipo mgongano unapoanza.

Barabara ya lami kutoka Mwigumbi kupitia Maswa na Bariadi hadi Lamadi imerahisisha safari za kwenda Mwanza na Shinyanga. Kwa mgonjwa aliye kandokando ya lami, gari la wagonjwa ni msaada wa haraka na wa bei nafuu kuliko ndege. Kwa aliye mbali na lami, ng'ambo ya mto wa msimu uliofurika, hesabu ni tofauti.

Wasukuma wana desturi ya zamani ya kutenga ardhi isiyoguswa kwa wakati maalumu, iitwayo *ngitili*. Majani na vichaka huachwa vikue wakati wa masika, ili ng'ombe, hasa ndama na maksai, wapate malisho kiangazi. Miti ilipotoweka katika mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, serikali ilianzisha mwaka 1986 mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Mradi huo ulifufua ngitili katika vijiji vingi. Mipaka ilikubaliwa katika mikutano, sheria ndogo zikatungwa, na sungusungu pamoja na baraza la jadi liitwalo *dagashida* wakasaidia kuzisimamia.

Ngitili inafundisha jambo linalohusu viwanja vya ndege pia. Ardhi inayotumika siku chache kwa mwaka huweza kulindwa mwaka mzima ikiwa jamii inajua mpaka wake, inajua faida yake na inashiriki kutoa adhabu kwa mvunjaji. Tofauti iliyopo ni kwamba kiwanja cha ndege hakiwezi kuachiwa vichaka, wala hakifai kuwa malisho, kwa kuwa mnyama mmoja njiani huweza kusababisha ajali.

Taasisi na sheria nchini Tanzania

Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Tanzania ilianzishwa mwaka 1999 na husimamia zaidi ya viwanja 50 vya serikali Tanzania Bara. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanza kazi mwaka 2003, husimamia usalama, hutoa leseni za viwanja na kuangalia urefu wa minara na majengo karibu navyo. Viwanja vingine humilikiwa na migodi, taasisi za dini, hifadhi za taifa au watu binafsi.

Kwa upande wa ardhi, sheria zinazohusika zaidi ni Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, pamoja na Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007. Kijiji huweza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi unaoonyesha makazi, mashamba, malisho, misitu na huduma za jamii. Kiwanja kilichoandikwa katika mpango huo na kupitishwa na mkutano mkuu wa kijiji kina kinga kuliko kile kinachojulikana kwa mazoea tu. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya mwaka 1967 inataja uendelezaji wa viwanja vya ndege miongoni mwa malengo ya umma yanayoweza kufanya ardhi itwaliwe. Mwenye ardhi anapaswa kulipwa fidia.

Mbinu za kuhifadhi

# *Kupima na kuweka alama.* Mawe ya mipaka, hati na ramani iliyobandikwa katika ofisi ya kijiji huzuia migogoro mingi kabla haijaanza.
# *Kuandika kiwanja katika mipango ya ardhi*, pamoja na maeneo ya ncha zake ambako miti mirefu, nyaya za umeme na minara haviruhusiwi.
# *Kutumia kiwanja mara kwa mara.* Kliniki za ndege na chanjo huwakumbusha wakazi kwa nini eneo limetengwa.
# *Kugawana gharama.* Nchini Norway kampuni ya serikali ya Avinor hutumia mapato ya viwanja vikubwa kuendesha vidogo. Nchini Uskoti kampuni ya serikali huendesha viwanja vya visiwani, kikiwemo cha Barra, ambako ndege hutua ufukweni maji yakipwa.
# *Kuweka masharti kwenye ruzuku.* Nchini Marekani kiwanja kinachopokea fedha za serikali kuu kwa kawaida hufungwa na ahadi ya kubaki wazi kwa miaka 20.
# *Kuunda kamati ya watumiaji* yenye wajumbe wa kijiji, zahanati au hospitali, wafugaji na marubani.

Mifano ya migogoro

*Meigs Field, Chicago.* Kiwanja hiki kilifunguliwa mwaka 1948 kando ya Ziwa Michigan. Meya Richard M. Daley alitaka kukigeuza bustani. Usiku wa tarehe 30 Machi 2003 matingatinga yalichimba alama kubwa za X katikati ya njia ya kuruka, bila taarifa ya mapema, na ndege 16 zikakwama humo. Jiji lilitozwa faini ya dola 33,000 na kukubali kurudisha dola milioni 1 za ruzuku, lakini kiwanja hakikurudi. Leo mahali hapo ni bustani ya umma.

*Tempelhof, Berlin.* Katika kura ya maoni ya Aprili 2008 wengi wa waliopiga kura walitaka kiwanja kibaki, ila idadi yao haikufikia kiwango kilichowekwa na sheria. Kilifungwa Oktoba 2008. Mwaka 2014 wananchi walipiga kura tena, safari hii kuzuia eneo hilo lisijengwe, nao wakashinda. Ndege hazikurudi, lakini ardhi imebaki wazi kwa umma.

*Wilson, Nairobi.* Kiwanja hiki kinaendelea kuwa kituo cha ndege za madaktari, misaada na utalii. Kimebanwa na mitaa ya makazi upande mmoja na Hifadhi ya Taifa ya Nairobi upande mwingine. Majengo marefu kwenye uelekeo wa ndege ndiyo changamoto yake kubwa.

*Kipawa, Dar es Salaam.* Hapa kilichotokea ni kinyume cha kufungwa. Upanuzi wa kiwanja kikuu ulihitaji kuhamisha wakazi wa maeneo ya jirani, na madai ya fidia yalichukua miaka mingi. Ni mfano wa gharama inayolipwa pale mipaka ya baadaye isipotengwa mapema.

Hoja za kupinga

Si kila kiwanja kinastahili kuhifadhiwa. Njia isiyoweza kufanywa salama ni hatari kwa marubani na kwa wapita njia. Pale lami imefika, hospitali ya wilaya imeimarishwa na kiwanja kingine kiko karibu, hekta 15 huweza kuwafaa zaidi wananchi zikiwa shule au soko. Wafugaji waliopoteza njia za mifugo, na familia zilizohamishwa bila fidia, wana haki ya kuuliza kiwanja kinamfaidisha nani.

Maswali ambayo halmashauri huweza kujiuliza kabla ya kufunga ni haya: Je, barabara hupitika wakati wa masika? Hospitali yenye uwezo wa upasuaji iko umbali gani kwa saa, wala si kwa kilomita? Kiwanja kingine kilicho karibu kinatosha? Ardhi hii ikitolewa, itaweza kupatikana tena? Swali la mwisho ndilo zito. Jengo la abiria lililobomoka hujengwa upya katika muda mfupi, na njia iliyoota majani hufyekwa kwa siku chache. Ardhi iliyogawiwa viwanja vya nyumba hairudi kwa urahisi, na kwa sababu hiyo baadhi ya wapangaji wa ardhi hupendekeza kiwanja kisichotumika kiwekwe akiba badala ya kufutwa: safari husimama, lakini mipaka hubaki.